Kiti cha Kushoto

Gerezani, upande ule wa Kariakoo vinakouzwa vipuri, kuna wanaume ambao hawauzi kitu, hawanunui kitu wala hawatengenezi kitu. Kazi yao ni kusimama. Ukifungua boneti wanakuja. Ukitaja tairi wanajipanga. Kila mmoja ana shemeji aliyewahi kuwa na gari lenye tatizo kama lako, na dawa yake anayo mdomoni. Siku Seifu Mwinyikondo alipoiingiza pikapu yake mbele ya duka la Jaimin, walikuwa wameshamzunguka kabla hajazima injini.

Seifu ni mtu wa Mtaa wa Sikukuu, kazaliwa hapo hapo, kwenye moja ya nyumba chache za baraza zilizosalia katikati ya maghorofa. Sitini ameshaipita, na pikapu yake, kwa umri wa magari, haiko mbali naye. Zamani ilikuwa nyeupe. Kazi yake ni barabara kuu: anapakia ndoo, mabeseni, sufuria na chupa za chai, anaifuata lami ya Morogoro na kugawa mzigo duka kwa duka, Mlandizi, Chalinze, Mdaula, mpaka Morogoro mjini. Vumbi pikapu ile ilikuwa hailijui, labda pale inapoingia pembeni kuegesha.

Lakini tuseme ukweli, mfanyabiashara hakuwa Seifu. Akili ya Seifu iliishia kwenye usukani. Mwenye biashara alikuwa mkewe, Sitara, aliyejua nani anataka ndoo zenye mfuniko, nani apewe mzigo na nani apewe salamu tu. Alipopatwa na kiharusi, upande wake wote wa kushoto ukalegea, na watu wa mtaani wakasema basi, biashara imekwisha. Sitara akawakatalia. Kuzunguka sokoni hawezi, sawa, ila kukaa anaweza. Akahamia kwenye kiti cha kushoto cha pikapu na dirisha lile likawa duka. Gari likisimama Chalinze, wenye maduka wanakuja wenyewe dirishani, wanasalimia, wanataniwa, wananunua.

"Nyumbani naitwa mgonjwa," alikuwa akimwambia mumewe. "Huku naitwa mama Chiku."

Chiku ni binti yao wa kwanza, ameolewa Bagamoyo, na kwa jina hilo hilo Sitara humwita mumewe baba Chiku. Kiti kile ndicho kilichomzuia mwanamke yule asilale akaugeukia ukuta. Seifu alilijua hilo vizuri, na kila alipolifikiria aliogopa.

Sasa kilichompeleka Gerezani kilikuwa matuta. Matairi yalikuwa yamekwisha, hilo kweli, yamebaki vipara. Lakini barabara ile kila penye vibanda vitatu pana tuta, na pikapu ikiwa na mzigo ilikuwa inashuka kwa kishindo, tumbo likigonga lami. Sitara anashika mbavu kwa mkono wake mzima, anauma mdomo. Hakulalamika hata siku moja. Kilichomtoka ni kisauti tu cha puani, "mm," kila tuta. Seifu akafika mahali akawa anayahesabia matuta kwenye sauti ile, na kila "mm" inampiga yeye. Akaamua amfanyie mkewe jambo, tena asimwambie. Aje ashtukie mwenyewe wakiwa njiani kwamba gari halipigi tena.

Jaimin alitoka dukani akijifuta mikono. Ni kijana wa Kihindi aliyerithi duka kwa baba yake, mzee Ghanshyam, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo kuliko cha nusu ya wateja wake.

"Shikamoo, mzee Seifu."

"Marahaba. Nataka tairi kubwa kuliko hizi."

Jaimin akainama, akapapasa tairi la mbele, akacheka. "Kubwa za nini, mzee wangu? We si mtu wa lami? Kubwa ni za watu wa porini. Nikupe saizi yako ile ile, mpya, za kubebea mzigo, gari litulie."

"Nimesema kubwa."

"Haya, sikiliza basi, usije ukanilaumu." Jaimin alisogea karibu. "Injini yako mzee mwenzio. Tairi kubwa ni nzito kuizungusha. Mafuta itakunywa, kwenye mlima utashusha gia ambayo hukuwa unashusha. Breki nazo utazikanyaga mapema zaidi. Halafu spidi. Mshale ukikuonyesha hamsini, gari lenyewe limeshapita hamsini. Trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo huwezi kumwelezea habari za tairi."

Ushauri ulikuwa mzuri, na angekuwa na akili timamu angeufuata. Lakini wasimamaji hawakukubali riziki yao ipite hivi hivi.

"Oya Jaimin, acha kumtisha mzee!" mmoja akadakia. "Gari imelala hiyo, kama inatafuta sarafu chini."

"Weka kubwa, mzee wangu, chuma kisimame."

"Shemeji yangu wa Ubungo kaweka. Matuta hayasikii kabisa. Gari inaelea!"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia Seifu. Akamtazama aliyelisema kama vile ndiye daktari aliyekuwa akimtafuta siku zote. "Inaelea kweli?" akauliza. Akaapiwa kwamba inaelea.

Pius, fundi wa duka, akayafunga matairi makubwa, akakata usukani mpaka mwisho wa kushoto, akasikia yanakwaruza, akachukua nyundo na kuurudisha ndani ukingo wa bodi. Kazi ilichukua asubuhi nzima na mjadala haukukatika. Walijadili mafuta, breki, mlima, trafiki, hata namna pikapu itakavyopendeza mbele za watu. Hakuna aliyeuliza nani anakaa kiti cha kushoto. Wasimamaji tuwasamehe, wao hawakumjua. Seifu alimjua.

Alirudi nyumbani kwa kuzunguka. Aliyapitia makusudi mashimo yote ya mitaa ile, akatokea Mnazi Mmoja, akarudi tena, na kila shimo gari lilipita kwa adabu. Mzee mzima akawa anatabasamu peke yake kwenye foleni. Usiku Sitara alimuuliza mbona leo ana uso wa bwana harusi, akajibu hana kitu, kachoka tu.

Asubuhi yake mzigo ulipakiwa, kamba zikafungwa. Sitara akatoka barazani na bakora yake, amevaa baibui lake la safari, chupa ya chai ameining'iniza begani. Akafika mlangoni, akasimama.

Inabidi ujue alivyokuwa akipanda. Kujivuta hakuweza, maana cha kushikia kipo upande wa mbele, na mkono wa upande huo ndio uliokufa. Kwa hiyo alikuwa anaupa mlango mgongo, anarudi kinyumenyume mpaka kiti kimguse, anajiinua kidogo kwa vidole vya mguu mzima, anakaa. Akishakaa, anaushika mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, anauingiza ndani kama mtu anayeingiza mtoto aliyelala. Ndivyo alivyopanda safari zote.

Siku hiyo alirudi kinyumenyume, akajiinua, na kiti hakikuwepo. Kilikuwa juu zaidi, labda vidole vitatu. Akajaribu tena. Mgongo ukateleza kwenye ukingo wa kiti, bakora ikaanguka.

"Gari limefanya nini?" akauliza.

Seifu, aliyekuwa nyuma anakagua kamba, alikuja mbio. "Nimeweka tairi mpya," akasema. "Kubwa. Kwa ajili yako, usipigwe na matuta."

Sitara aliyatazama matairi, akamtazama mumewe.

Severa, anayekaanga vitumbua nyumba ya pili, akaleta kreti la soda. Wakamsaidia Sitara kulipanda, Severa kashika kiuno, Seifu kashika mkono. Akiwa juu yake, mguu ule wa kushoto ukakunjika, akawaangukia wote wawili, kreti likaruka, chupa ya chai ikapasuka ndani kwa mlio mdogo. Wapita njia wakasimama. Kariakoo ukianguka hupati nafasi ya kuanguka peke yako.

Seifu akamshika mkewe chini ya magoti na mgongoni, akataka kumnyanyua.

"Niache, baba Chiku."

"Nakuweka tu mara moja..."

"Niache! Usinipakie. Mimi si ndoo."

Akamwacha. Akatia mkono mfukoni, akautoa na simu. Akampigia Jaimin pale pale, mbele za watu, sauti imempanda. Matairi hayafai, alisema, anayarudisha, sasa hivi. Jaimin naye, Mungu ampe kheri, hakubisha hata kidogo. "Lete gari, mzee. Nakufungia saizi yako ile ile. Usijali, tutaelewana."

Seifu akakata simu, karibu acheke kwa furaha. "Umesikia? Nusu siku tu. Kesho tunaondoka kama kawaida."

Sitara alikuwa ameshakalishwa barazani. Severa alikuwa anampangusa vumbi kwenye baibui, halafu akaona uso wake, akarudi taratibu kwenye vitumbua vyake.

"Rudisha ukitaka," Sitara akasema. "Mimi nitabaki hapa hapa."

"Kwa nini? Si yatakuwa yale yale ya zamani?"

"Kwani ya zamani nilikuwa napanda?" Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, Seifu angejua la kufanya. "Nilikuwa nangoja uende nyuma kwenye kamba, ndiyo nianze kujikokota. Safari iliyopita niling'ata mkanda wa kiti kwa meno nijivute, baba Chiku. Kwa meno. Nikashukuru hukuona. Safari hii ningeshindwa tu, hata kwa tairi zile."

Seifu alifungua mdomo aseme kwamba hakujua. Akakumbuka alivyokuwa akizikaza, miezi hiyo ya karibuni, kamba zilizokwisha kukazwa, akizivuta moja moja, mgongo ameupa mlango, mpaka asikie umefungwa. Akaufumba mdomo.

"Pius atachomelea ngazi," akasema.

"Ngazi ni ya mwenye miguu."

"Tutauza hili, tununue gari dogo, la chini."

"Likabebe ndoo kichwani?"

"Mazoezi basi. Turudi kwa yule daktari."

"Tutarudi," Sitara akasema, kwa namna ile mtu anavyomkubalia mtoto anayetaka kuahidiwa. Alipeleka mkono wake mzima, akamtoa mumewe uzi wa kamba uliokuwa umenata kwenye shati. "Nenda. Mzigo wa watu unangojewa. Candida wa Mdaula usimpe mabeseni ya kijani, hayamtokei, wateja wake hawayataki. Yule wa Mlandizi muulize kwanza habari ya mama yake, usianze na sufuria. Na usisahau kuwasalimia. Unapenda kusahau."

Seifu alisimama pale akiyarudia kichwani, kijani, mama yake, sufuria, na yote yalikuwa yanamponyoka. Aliwahi kufungua injini nzima kwa mikono yake na kuifunga ikawaka. Hapa hapakuwa na kitu cha kufungua. Alitamani mtu yeyote, hata msimamaji mmoja wa Gerezani, aje na shemeji yake mwenye tatizo kama lile. Hakuja mtu. Alipanda gari, akaondoka.

Mlandizi alianza na sufuria. Alikumbuka habari ya mama mtu akiwa ameshatoka kilomita kadhaa. Chalinze walinunua kidogo, wakatawanyika, maana na Seifu hakukuwa na mazungumzo.

Mdaula aliegesha mahali pao pa siku zote. Candida, mama mnene mwenye duka la vyombo, akatoka akicheka kabla hajafika, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la kushoto, kama alivyozoea. Alishangaa kidogo kuona lipo juu. Akainua mkono, akashika ukingo wa dirisha, akasimama kwa vidole vya miguu, akachungulia.

"Mama Chiku yuko wapi?"

"Kapumzika," Seifu akasema. "Leo tu."

Candida akabaki ameshika dirisha, amekitazama kiti. Halafu akaenda nyuma kuchagua ndoo zake, bila kutaniwa na mtu, na alipoondoka na beseni la kijani Seifu hakuwa na nguvu ya kumzuia.

Mpaka hapo matuta yote alikuwa ameyapita kwa kutambaa, akili haipo; tuta la kwanza baada ya Mdaula alilifikia akiwa amesahau kupunguza mwendo. Akakaza mikono kwenye usukani, akangoja kishindo. Gari lilipanda, likashuka, likaendelea na safari. Halikugonga. Msimamaji yule na shemeji yake wa Ubungo hawakusema uongo. Seifu akajikuta ametega sikio la kushoto.

Tuta la pili, vile vile. La tatu alilisogelea polepole kama mtu aliyebeba maji, lori la nyuma likampigia honi kwa hasira, yeye hata hakulisikia. Magurudumu ya mbele yakapita, ya nyuma yakapita, laini kabisa. Akageuza uso kushoto.

"Unaona, mama Chiku?" akakiambia kiti. "Halipigi tena."