Mtaro wa Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Kabla hujaondoka, mwanangu, sikia: ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka huanza kwa kujicheka, kisha ndipo humshukuru Mungu. Nilikuwa kijana wa kujiona najua kila kitu. Nilizaliwa Moroni, kisiwa cha Ngazija, mtaa wa Magoudjou, nikaoa Mutsamudu, kisiwa cha Anzuani, na kama ilivyo desturi yetu visiwani nikahamia nyumbani kwa mke wangu, Zaharia. Mama yake alikaa nasi, upande wa uani. Kazi niliipata katika idara ya ujenzi ya mji, kazi ya barabara, kuta na mitaro.

Pilikapilika zetu zilikuwa kabla ya mvua za kaskazi. Hapo ndipo tulipozoa tope na takataka katika mitaro yote inayoshuka kutoka mlimani, tukafungua makalvati yanayopitisha maji chini ya barabara, tukajenga upya kuta za mto zilizomomonyoka. Mwaka wa kwanza niliwacheka wenzangu. Sisi watu wa Ngazija hatuna mito. Mvua inyeshe itakavyo, ardhi yetu ya mawe ya volkano huimeza. Nikawaambia wanajisumbua bure. Kisha mvua ikanyesha, nikauona mto ukishuka na mawe na mbuzi wa watu, nikashika koleo kama wao.

Basi ikaja ile fitina ya kujitenga. Anzuani ikasema haimo tena pamoja na Moroni. Siasa sikuelezi, mwanangu. Wapo walioianzisha, na waieleze wao. Ninachojua ni kwamba meli zilikuja kwa nadra, dizeli ikaadimika, na lori letu likakaa uani kuku wakitaga chini yake. Watu wa Ngazija waliokuwa Mutsamudu wakaanza kuondoka kidogo kidogo. Kaka yangu akaniletea salamu kutoka Moroni: rudi nyumbani kabla hujafukuzwa.

Kwa kuwa lori halikuwa na mafuta, tope tulilibeba kwa machela: miti miwili na gunia katikati, mtu mmoja mbele, mwingine nyuma. Peke yako huwezi. Mwenzangu siku zote alikuwa Anfani, kijana mcheshi wa palepale Mutsamudu, ambaye nilikuwa nikila naye muhogo wa kuchoma sahani moja. Asubuhi ile Mzee Bakari, msimamizi wetu, alisema tugawane wawili wawili, tuanze na mtaro unaopita nyuma ya nyumba za mtaa wetu. Anfani akashika machela na mtu mwingine. Hakunitazama. Na wengine wote wakapata wenzao, nikabaki nimesimama na machela yangu kama bwana harusi aliyesusiwa.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana, ningejibu. Niliibwaga machela nikaenda nyumbani, nikamsimulia Zaharia ya Anfani kwa sauti ya hasira, nikamwambia anitolee begi, maana meli ya Moroni ikija napanda. Akaniuliza, "Na sisi je?" Nikamwambia nitawaita baadaye. Aliuona uongo ule kabla mimi mwenyewe sijauona, akaingia chumbani kulia.

Mama mkwe alikuwa uani anachagua mchele, uso kaupaka liwa, binti yangu mdogo kakaa miguuni pake. Mama yule hakuwa akinisemesha ana kwa ana. Heshima baina yetu ilikuwa nzito. Akiwa na la kuniambia, alimwambia mtoto.

"Mwulize baba yako," akasema, "nani kaja mlangoni hapa kumfukuza."

Mtoto akanitazama. Bibi yake akaendelea kuchagua mchele.

"Hakuna aliyekuja. Mwambie nyumba hii ni ya mama yako. Wa kumtoa mtu humu ni mama yako, naye yuko chumbani analia asiondoke. Mwambie wanaume wote wa mji huu wanalala kwa wake zao. Huyo Anfani wake naye alikuja mtaa huu kuoa, godoro kichwani, nilimwona kwa macho yangu. Wote wageni hawa. Nani amfukuze nani?"

Kisha sauti yake ikawa kali. "Na mwambie mtaro uliojaa tope unapita nyuma ya jiko langu. Mvua ikija, maji hayataingia kwa wakubwa wa siasa. Yataingia unapolala wewe, naye atakuwa Moroni anawasimulia ndugu zake jinsi alivyoonewa."

Akaweka ungo chini, akajitanda shuka yake ya shiromani, akainuka kwa shida. "Bibi yako anakwenda kubeba tope," akamwambia mtoto. "Mwanamume wa nyumba hii amesusa."

Mwanangu, hebu fikiria aibu hiyo. Mama mkwe wangu, mtu mzima anayeheshimiwa na mtaa mzima, ndani ya mtaro mbele za watu. Nilimpita mlangoni mbio, hata viatu sikuvaa.

Safari hii sikungoja mtu wa kushika nami. Nilichukua koleo, nikaruka mtaroni, nikaanza kuwajazia wenzangu machela zao. Ya Anfani ilipofika, nikaijaza kama zile nyingine. Akasita kidogo. "Usijaze sana," akasema, "mgongo unaniuma." Nikapunguza.

Jua lilipokuwa kali mwenzake alichoka, akaenda kuketi kivulini. Anfani akazitazama zile ncha za nyuma za miti zisizo na mtu, akanitazama na mimi. "Shika," akasema. Nikashika. Tukiwa njiani kwenda kumwaga, akaniambia bila kugeuka kwamba vijana wa kwao walimwonya asionekane nami, naye akaogopa.

"Na sasa huogopi?" nikamwuliza.

"Naogopa," akasema. "Lakini tope ni jingi."

Mvua ilikuja kabla wiki haijaisha. Maji yakapita nyuma ya jiko kwa kishindo, yakaenda zake baharini, na binti yangu hakuamka wala kugeuka upande. Meli ya Moroni nayo ilikuja ikaondoka; nilikuwa mtaa wa chini nafungua kalvati, hata sikuiona. Sikudanganyi kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Wapo walionigeuzia uso mpaka visiwa vilipopatana, na mmoja wao mpaka leo. Lakini Anfani hakutafuta tena mwenzake mwingine.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: siku watu watakapokupa mgongo, usiharakishe kufunga begi. Jiulize kwanza kama kuna aliyekufukuza, au ni kiburi chako kinachokusukuma mlangoni. Kisha tafuta kazi ambayo hao waliokununia hawawezi kuiacha, uishike nao, hata kama hawajakukaribisha. Na siku ukiwa wewe ndiye uliye upande wa wengi, mtazame aliyebaki peke yake. Mwite mapema. Neno lile moja la Anfani, "Shika," lingeweza kusemwa asubuhi, na Zaharia asingelia.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba ambayo wenyewe wanataka ubaki, na mwenzako wa kazi asiyekuacha hata akiwa na hofu. Akukinge na hasira ya kujiona umeonewa, maana ilikaribia kunipotezea watu wangu. Nenda kwa amani.