Baba Aliikubali Nyota ya Mercedes, Si Mchumba Wangu

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Nina miaka ishirini na moja, nakaa Likoni, nimesoma hadi darasa la kumi na mbili na sasa nafundisha watoto wadogo. Nimechoka, wala si kwa kazi. Nimechoka kunyamaza.

Nyumba yetu inaitazama barabara ambako magari hupanga foleni kungoja feri. Baba ni seremala, hufanyia kazi barazani. Kabla sijajua kusoma alinifundisha kuyatambua magari ya fahari kwa alama zao za mbele. Nyota ya ncha tatu ni Mercedes. Paka anayeruka ni Jaguar. Mwanamke aliyeinama, nguo zikipepea kama mbawa, ni Rolls-Royce. Hiyo tuliiona mara moja tu, na baba aliweka randa chini mpaka ikapita. Ulikuwa mchezo wetu. Siku hizi ndivyo anavyowapima watu. Mgeni wa nyota huletewa kahawa na halwa, wa baiskeli huulizwa ana shida gani.

Mchumba wangu ni dereva wa Mzungu mmoja. Mimi aliniambia tangu mwanzo. Wazee wake walipoleta posa, aliomba ruhusa akawaleta kwa gari la tajiri wake. Baba alinivuta nyuma ya mlango.

"Mama, waiona nyota?"

"Naiona, baba."

"Basi mwambie mamako aongeze sambusa!"

Mjomba wa kijana alianza vizuri: "Huyu mwanetu, mzee, kazi yake ni..."

Baba akamkata. "Kazi yake imesimama hapo nje, bwana, naiona kwa macho yangu. Maneno mengi ya nini?"

Wote wakacheka, na mjomba naye akacheka. Posa ikapita hivyo, baba akiamini gari ni la kijana mwenyewe. Nikajiambia nitamweleza baba kesho, nayo kesho hiyo sijaifikia.

Sasa Uhuru unakaribia, na yule Mzungu anarudi kwao. Gari litapakiwa melini kabla ya harusi yetu, na mchumba wangu anatafuta kazi nyingine. Nilimwomba asubiri tufunge nikaha kwanza, ndipo baba ajue.

"Kumbe nawe wanionea haya?"

"Wallahi sikuonei haya. Naogopa kukukosa."

"Mimi siozeshwi kwa gari la mtu. Mwambie babako kabla ya Ijumaa. Usipomwambia, nitamwambia mwenyewe tukitoka msikitini, mbele ya wenziwe."

Nami namjua baba. Mbele ya wenziwe atavunja posa papo hapo, hata kama moyo wake hautaki, kwa kuwa ameshajisifu mtaa mzima.

Kinachonimaliza ni hiki: baba anajenga banda la gari la mkwewe ubavuni mwa nyumba. Mbao alizoweka kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe amezitumia hapo. Jana aliniita nimshikie ubao.

"Mlango uwe mpana, mama. Tusije tukalikwaruza gari la mwenyewe."

Nikaushika ule ubao. Akapigilia misumari huku akiimba.

Leo ni Jumanne. Ninyi wenye baba kama wangu, nambieni: nianze na neno gani, ili nisimkose huyu wala nisimvunje yule?