Dua ya Idi niliyotaka kumwombea mwanangu askari ilimpeleka kasho

Wakuu, amani iwe juu yenu na juu ya nyumba zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Wajukuu walinifundisha kufungua ukurasa huu, nikawa nasoma nyuzi zenu baada ya sala ya alasiri na kucheka peke yangu. Leo nimeona nami niandike.

Bado nina udhu, kwa hiyo sitaongeza chumvi. Nitaficha majina ya askari na mahali walipo. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini.

Naishi Kindu, mji wetu wa Maniema. Nimefundisha chuo cha Kurani zaidi ya miaka arobaini. Mwanangu wa tatu ni sajenti, na hapa nitamwita Amisi. Mke wangu anaitwa Zaina. Hilo ni jina lake la kweli, ameniruhusu nilitaje, na akina Zaina hapa kwetu ni wengi kama punje za mpunga.

Amisi alipelekwa mstari wa mbele, huko mashariki milimani. Idi ya kwanza akiwa kule tulimtumia mfuko: mchele wa kwetu, karanga za kukaanga, samaki wa moshi, sabuni, na kanzu aliyoiacha. Ulichukua wiki sita kufika. Mchele ulikuwa umelowa, kanzu imeshika harufu ya samaki. Alipopiga simu alishukuru kama mtoto aliyelelewa, lakini sauti yake ilikuwa chini.

Akasema, "Baba, chakula tulikula siku moja, kikaisha. Huku sikukuu haiko. Iko mvua na matope. Muntu anaweza kusahau kama iko na kwao."

Maneno hayo yalinikaa kifuani mwaka mzima.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ikiwa katikati, nikamwambia Zaina kwamba safari hii hatutatuma samaki. Tutatuma kitu kisicholowa. Msikiti wetu utawaombea dua asubuhi ya Idi, yeye na kikosi chake kizima, mmoja mmoja kwa jina.

Hapa nisimame kidogo, maana wengine hamjui desturi yetu.

Mwalimu aliyenifundisha mimi alituzoesha hivi: ukimwombea mtu aliye mbali, unamtaja yeye na mama yake. Fulani mtoto wa fulani. Alisema mama ndiye aliyembeba, hakuna wa kumbishia. Miaka ya vita, treni iliposimama na chumvi ikaadimika, watu wetu walikimbilia misitu ya Pangi na Punia. Kila Ijumaa mwalimu alifungua daftari lake akawasoma hivyo, mtu na mama yake. Wengi walirudi. Wasiorudi, tulijua angalau kwamba hatukuwasahau.

Basi nikamwomba Amisi anikusanyie majina ya wenzake wote, na majina ya mama zao.

Alisita. Akauliza, "Wote, Baba? Hata Wakristo?" Nikamjibu kwamba risasi haiulizi mtu dini yake, na mimi sitauliza. Akasema sawa. Hakuwahi kunikatalia jambo tangu utoto wake.

Wakuu, mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Niliona daftari la mwalimu wangu tu.

Siku tatu kabla ya Idi, adhuhuri, simu ikalia. Alikuwa mwenzake Amisi, kijana Mkatoliki ambaye nilikuwa nimemsalimia mara mbili tatu. Aliongea upesi upesi.

"Papa, Amisi iko kasho. Njo juu ya yale majina yenye uliomba."

Kasho ni mahabusu, kwa wasiojua Kifaransa chetu, na njo kwetu ni ndiyo. Kule kwao ni kibanda cha mabati.

Akanieleza. Amisi alikuwa anazunguka na karatasi, anauliza kila askari jina lake na la mama yake, na mwanzoni ilikuwa kama furaha. Watu wazima wenye bunduki walikaa chini wakaanza kusimulia mama zao wanavyopika, wanavyogomba. Mmoja alilia na hakuona haya. Kisha komanda akapita. Akaichukua karatasi, akaisoma, akauliza inaenda wapi. Amisi akasema inapigwa picha na kutumwa kwa simu.

Orodha ya kikosi kizima, pamoja na familia zao, itoke mstari wa mbele kwa simu. Komanda akaamuru afungwe. Siku ya Idi gari lingeshuka mjini, na Amisi angeshuka nalo kwenda mahakama ya jeshi.

Nilikaa kwenye mkeka. 

Nina mwanafunzi wangu wa zamani ambaye leo ana nyota mabegani. Wazo la kwanza lilikuwa kumpigia. Lakini yule kijana alikuwa na ujumbe mwingine kutoka kasho. Amisi alisema: Baba asiende kwa mkubwa yeyote. Nilifanya bila kumuuliza komanda wangu, nitajibu mwenyewe.

Nilisoma ujumbe huo moyoni mara nyingi. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho ni fahari. Nilijiambia, huyu nimemlea kweli.

Zaina hakuwa na subira ya fahari yangu. Alisema, "Wewe njo ulimuomba majina. Usijifiche nyuma ya mutoto. Mwambie huyo komanda kwa mdomo wako."

Nikamwomba yule kijana, na kesho yake asubuhi akampelekea komanda simu. Nikaweka spika ili Zaina asikie.

Komanda hakunisalimia. Aliniuliza kama mtu anayeandika mashitaka. Naitwa nani, nafanya kazi gani, majina ya askari wake nayataka ya nini.

"Ya dua," nikasema.

"Dua inaomba jina la mama?"

"Njo desturi yetu hapa Kindu."

Akavuta pumzi. "Muzee, wenye kututafuta nao wanaomba majina. Wakijua mama wa muntu, wanajua pa kumugonga. Mwaka jana walimupigia mama wa askari wangu simu wakamwambia mtoto amekufa. Alikuwa mzima. Mama alianguka, hakuinuka."

 Miaka yote nimefundisha watoto wa watu, na asubuhi ile nilifundishwa mimi.

Nikamwambia kosa ni langu. Sikumtetea mtoto kwa uongo. Nilisema tu kwamba alimtii baba yake.

"Askari anatii mukubwa wake kwanza," akasema.

"Ni kweli," nikajibu. "Na yeye anasema hivyo hivyo. Amenikataza kutafuta mtu wa kumtetea."

Nikasikia anawaambia watu watoke. Aliporudi, sauti haikuwa ya mashitaka tena.

"Muzee, na kama muntu hajui jina la mama yake. Hiyo dua inafika?"

Wakuu, mwalimu anajua swali la mtihani na swali la mwenye kiu. Sikuharakisha. Nilimwambia inafika. Sisi ndio tunaohitaji jina, ili moyo usitangetange. Mungu hatangitangi.

Ndipo akasema. Katika ile vita ya kwanza alikuwa kadogo, wale watoto waliobebeshwa bunduki. Walimchukua barabarani, na yeye hajui hata kijiji. Anakumbuka kitambaa cha mama yake, cha rangi ya manjano. Jina hana.

"Nilikuwa namuita Mama tu," akasema. "Mutoto mudogo anajua jina gani lingine?"

 Nilikuwa bado natafuta aya ya kumpa.

Zaina akaninyang'anya simu.

"Mutoto wangu," akasema, "weka langu. Naitwa Zaina."

"Mama, weye uko na mutoto wako tayari huku."

"Niko naye, njo yule umemufungia. Basi sasa niko na wawili kwenu, mmoja ndani ya kasho na mwingine anashika ufunguo."

Komanda akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu ambaye hakukitegemea. Kisha akakata simu bila kuaga.

Siku ile yote hatukujua lolote. Nilisali, nikafundisha, nikawasahihisha watoto aya ambazo walikuwa wamezisoma sawa. Zaina alitwanga ndizi za lituma ya kufuturu hadi mchi ukamchubua kiganja.

Asubuhi iliyofuata, mkesha wa Idi, komanda akapiga mwenyewe.

Alisema ile orodha imechomwa mbele ya kikosi chote, na Amisi ndiye aliyewasha kibiriti. Alivunja amri, adhabu ipo: atachimba choo kipya cha kikosi peke yake. Lakini mahakamani hapelekwi, maana amechunguza akaona hapana nia mbaya. Akaongeza kwamba amemuuliza Amisi usiku wote ule wa kasho kama alitumwa na mtu, na Amisi hakumtaja baba yake hata mara moja. Alisema tu, "Nimekosa mimi."

"Huyu mulimulea vizuri, Papa," akasema.

Kutoka Muzee nilikuwa nimefika Papa. Nilisikia.

Kisha akasema, "Shika kalamu. Nitakusomea majina ya mama peke yake. Ya watoto wao hapana, na usihesabu. Hata idadi ni siri."

Nikaandika bila kuhesabu. Furaha. Bernadette. Mwamini. Feza. Marie-Jeanne. Nyota. Asha. Zaina. Na mengine, siyamalizi hapa. Alisoma polepole, na nyuma yake nilisikia watu wamekusanyika, kila mmoja anangoja wa kwake.

Likabaki la kwake mwenyewe. 

"Zaina," akasema.

Nikaandika.

Asubuhi ya Idi msikiti ulijaa hadi barazani. Baada ya hotuba nikampa imamu karatasi. Mzee mmoja wa safu ya mbele, rafiki yangu tangu utoto, akachungulia akanong'ona, "Bernadette naye tunamwombea humu?"

Nikamwambia, "Bernadette naye ana mtoto kule."

Akafikiri kidogo, akainua mikono. Ndiyo maana ni rafiki yangu.

Imamu akasoma. Ewe Mola, mlinde mtoto wa Furaha. Amina. Mlinde mtoto wa Bernadette. Amina. Amisi alinisimulia baadaye kwamba milimani, saa ile ile, komanda alikuwa amewasimamisha wote wasiokuwa zamu. Waliokuwa Waislamu waliomba, wengine walifanya ishara ya msalaba, na Amisi alikuwa na matope hadi kiunoni.

Imamu alipofika mwisho wa karatasi akasita. Jina Zaina alikwisha kulisoma. Akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekosea kuandika, limerudiwa.

"Hapana," nikamwambia. "Ni watoto wawili. Soma."

Akasoma. Na kabla wanaume hatujafungua midomo, kutoka nyuma ya pazia la wanawake ikaja "Amina" moja, peke yake, wazi kabisa. Sauti ninayoishi nayo miaka thelathini na minane.



Amisi alimaliza kile choo. Anasema ndiyo zawadi yake ya Idi kwa kikosi, na hakuna mfuko kutoka Kindu uliowahi kudumu kama hiyo. Sauti yake haiko chini tena. Siku hizi akipiga simu anaulizwa na wenzake kama Papa wa Kindu yu mzima.

Na siku ya Noeli, simu ikalia asubuhi. Komanda. Nikamsalimia kwa heshima zote, akanijibu, akauliza habari ya mvua. Nilipotaka kuendelea na mazungumzo ya wanaume akanikatiza kwa upole.

"Papa, mupatie Mama simu."

Zaina akatoka nayo barazani, akakaa huko hadi chai yake ikapoa. Walichozungumza sijui, sikuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba nia njema haina budi kuuliza njia kwanza. Nilitaka kumpa mwanangu moyo, nikakaribia kumpa kifungo. Wenye watoto jeshini, msitume wala msiombe jina la askari, picha, wala mahali, hata kwa ajili ya dua. Na mfuko wa mchele si kitu kidogo, tumeni. Lakini aliye mbali anataka zaidi kujua kwamba kuna mahali anatajwa.

Mwaka huu Idi imekaribia, na imamu ameniruhusu kuongeza karatasi.

Kwa hiyo nawaomba mwandike hapa chini. Kama mna mtu mstari wa mbele, wa dini yoyote, andikeni jina la mama yake peke yake, bila la kwake. Nitayanakili yote kwa mkono wangu. Na kama kuna anayemjua askari asiye na wa kumtaja, aandike Zaina. Mke wangu amekaa hapa kando yangu, anasema nafasi bado ipo.