Upande wa Demani

Harufu ya udi hunitia kichefuchefu mpaka leo, na watu hunicheka: mwanamke gani wa Kibajuni asiyependa udi? Lakini mwaka ule wa vita mama alinifukiza asubuhi na jioni. Risasi iliyopotea ilikuwa imenichana matumbo Kismayo, daktari akanitolea utumbo ubavuni, choo kikawa kinatokea hapo na kuingia mfukoni. "Ni kwa muda tu," alimwambia mama. "Jeraha likipona, mrudishe tumfunge." Kabla halijapona, hospitali ikavunjwa, nasi tukakimbilia kwa bibi yangu kisiwani Koyama.

Mifuko ilipokwisha, mama alinifunga ya nailoni, ya kutilia sukari, akaikaza kwa vipande vya leso. Ikivuja. Ngozi ilichubuka, nikilia kila nikioshwa, na mama akilia nami huku akininyamazisha, majirani wasisikie. Siri ya mtungi aijuaye kata. Chuoni kusoma Kurani sikwenda tena, wala sikukaa siniani kula na wenzangu.

Bunduki zilipotufuata kisiwani, tukapanda mashua kwenda Ras Kamboni, tuvuke Kenya nikashonwe. Tulipopita Chula, mzee mmoja aliyekuwa akihara aliteremshwa, watu wakiogopa kipindupindu. Mama akaniangalia. Alikuwa amenikalisha demani, upande usiopigwa na upepo, harufu yangu iende zake baharini. Binti wa mabaharia, alifikiria kila kitu isipokuwa njia yenyewe. Nahodha alipobisha, kugeuza mashua ikate upepo, tanga likahamia upande wa pili, demani yetu ikawa joshi, na upepo ukaanza kupita kwangu ndipo uwafikie watu.

"Lo! Papa huyu ameoza!" mwanamke mmoja alisema, ameziba pua.

"Ameoza wapi? Nimemtia chumvi kwa mikono yangu!" Bi Mwanaesha, jirani yetu, alikikumbatia kikapu chake cha papa mkavu. Ndicho chakula pekee alichookoa, na wajukuu walikuwa wamemzunguka.

Mashua nzima ikamshukia. Mama alinibana kwapani, nikasikia moyo wake unavyodunda. Alifungua mdomo, akaufunga. Angesema nini, masikini, tukateremshwe wapi? Kikapu kikatupwa. Bi Mwanaesha hakulia, aliwatazama wajukuu wake tu. Harufu haikuondoka, wakasema imeshaingia kwenye mbao.

Nilikuja kushonwa Mombasa, baada ya kungoja sana. Leo nina kovu tu, na siku nyingine hulisahau kabisa. Kule kambini kwa wakimbizi, Kenya, Bi Mwanaesha alikuwa hema la pili kutoka letu. Mama alimpelekea chakula kila siku, hata sisi tulipokuwa hatujashiba, mpaka bibi yule akafa. "Mungu akulipe kwa wema wako, mwanangu," alimwombea kila akipokea sahani. Mama alirudi hemani, akakaa. Mimi nimepona. Mama amezeeka na dua zile, na mpaka leo hajui azifanye nini.