Kicheko cha Cimpunda

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine ya kuchapa, ingawa niliajiriwa kuwa dactylo. Ilikuwa mwaka ule nchi yetu ilipoanza kuitwa Zaïre. Ukumbi wa misheni ulikuwa Ibanda, mtaa wa mji wetu ulio upande wa ziwa, na mkubwa wangu alikuwa padri Mbelgiji tuliyemwita Mon Père Directeur. Alinipa saa, daftari na kalamu, akaniketisha kwenye benchi la nyuma kabisa wakati wachezaji wakifanya mazoezi.

"Mademoiselle," aliniambia kwa Kiswahili chake cha misheni, "kila mara jukwaa inabaki bila mutu, unahesabu ni seconde ngapi, unaandika."

Niliandika mchana kutwa nikidhani ananitania. Jioni alisoma daftari langu, akaweka kidole mahali nilipoandika arobaini.

"Hapa tulikufa," alisema. "Batu banasamehe wimbo mubaya. Jukwaa bila mutu, hapana."

Ninyi vijana mnaniuliza revue ilikuwa kitu gani. Ilikuwa onyesho la vipande vipande: wimbo, ngoma, kichekesho, kwaya, mtu wa kutembea juu ya magongo marefu, tena ngoma, mwisho wimbo wa wote. Hakuna hadithi moja inayobeba yote, kwa hiyo anayebeba ni mpangaji. Chombo chake ni karatasi iitwayo conduite, inayobandikwa nyuma ya pazia, inayosema nani anaingia, kwa upande gani, akishika nini. Wimbo wa polepole hauwekwi baada ya ngoma kali, maana watu bado wanahema. Kichekesho kinawekwa mahali wachezaji wanapohitaji muda wa kubadili nguo. Mambo hayo hayakuandikwa popote. Mon Père alinifundisha kwa kunikaripia. Baada ya miaka miwili nilikuwa régisseuse wake, yaani yule anayesimama nyuma ya pazia na kutoa ishara, na watu wa troupe, kundi letu la wachezaji, wakaanza kuniita Maman Régie, ingawa nilikuwa bado msichana.

Kisha serikali ikachukua ukumbi. Mon Père alikunja nguo zake akarudi kwao, sisi tukawekwa chini ya Division, ofisi ya serikali ya utamaduni. Mkubwa wangu wa pili alikuwa Citoyen Directeur, mtu mrefu mwenye abacost ya kijivu, lile koti la enzi ile lisilovaliwa tai, aliyesoma na kupenda kusoma. Wengi wanasubiri niseme alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alitaka karatasi safi, watu wafike kwa saa, na asiitwe na wakubwa wake kujieleza.

Sasa revue ilianza kwa animation na kumalizika kwa animation: nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi, akina mama wote katika pagne, yaani vitenge, za rangi moja, mistari iliyonyooka. Sitadanganya, ilikuwa kazi nzuri ya mikono yangu. Kuwageuza watu sitini kwa mguu mmoja si mchezo, na niliona fahari.

Kilichoharibika ni upande wa pili wa jukwaa. Watazamaji hawakuja tena kwa miguu yao. Waliletwa kwa camion, yaani malori, wafanyakazi wa viwanda na wanafunzi, na mbele yao, pembeni ya jukwaa upande wa kushoto, alisimama mjumbe wa Chama. Akiinua mkono, watu wanapiga makofi. Akiushusha, wananyamaza. Wimbo mzuri ulipata makofi, wimbo uliopotea njia ulipata makofi yale yale. Nilikuwa kama mshonaji aliyenyang'anywa futi: unaendelea kukata kitambaa, lakini hujui kama nguo itamfaa mtu.

Nilipata njia. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mama mmoja, Nsimire, aliyeuza mandazi. Hakuona onyesho hata moja. Alisikia tu kupitia ukuta. Kila mwisho wa onyesho nilikwenda kununua andazi na kumuuliza.

"Leo namna gani, Maman Nsimire?"

"Makofi iko mingi," alikuwa akijibu. "Lakini ile ya papa wa Kamituga, hakuna mutu alicheka. Mwaka huu wote sijasikia mutu anacheka."

Huyo papa, yaani baba, wa Kamituga ndiye ninayetaka kuwaeleza. Jina lake la jukwaani lilikuwa Tonton Bilulu. Alikuwa Mfuliiru wa Luvungi, mwembamba, mwenye shingo ndefu iliyozunguka kama ya kuku anayetafuta punje. Wakati wa Mon Père kichekesho chake kiliwatoa watu machozi. Alikuwa mume anayerudi kutoka kuchimba dhahabu Kamituga na kifurushi kikubwa. Mke anapika, majirani wanakaribishwa, naye anafungua kifurushi: ndani kuna kifurushi kidogo, ndani yake kidogo zaidi, kitambaa ndani ya kitambaa, mpaka inabaki punje moja ya dhahabu isiyoonekana kwa macho. Anaisogeza karibu na pua ili aione, na hapo anapiga chafya, punje inapotea.

Kwa miaka mingi alirudia hivyo hivyo, chafya ile ile, na mjumbe akainua mkono. Bilulu alikuwa mtu wa kupenda kazi yake. Aliamini makofi. Mimi niliyajua maneno ya Nsimire na sikumwambia, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu si rahisi kumwambia mtu mzima kwamba chakula chake kimechacha.

Siku moja Citoyen Directeur aliniita ofisini. Troupe yetu ilichaguliwa kwenda Kinshasa kwa ndege, kucheza mbele ya wakubwa pamoja na troupe za majimbo mengine.

"Citoyenne, nafasi ya avion ni kidogo," alisema. "Kichekesho moja tu. Na nakuambia mapema: kama inaanguka kule, tukirudi hapa naondoa vichekesho vyote. Tutabaki na ngoma na kwaya."

"Bilulu haanguki, Citoyen Directeur."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Nilikuwa nimesema uongo. Bilulu hakuwa na kazi nyingine. Vichekesho vikifutwa, yeye amefutwa.

Basi nikaamua kupima. Générale ni zoezi la mwisho, linalofanywa na nguo zote na vifaa vyote mbele ya watu wachache. Badala ya kuifanya ukumbini, niliipeleka Cimpunda, mtaa wa watu wa kawaida kule Kadutu, kwenye uwanja wa shule, Jumapili baada ya misa ya pili. Hakuna camion, hakuna mjumbe. Anayetaka aje, anayetaka apite. Walijaa mpaka kwenye kuta.

Ngoma ilipendwa, kwaya ilipendwa. Bilulu akaingia na kifurushi chake. Akafungua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kimya. Watoto wakaanza kurushiana mchanga. Mama mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida, kwamba mvua itakuja. Bilulu akapiga chafya. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha.

Nilimwona akigeuza ile shingo yake ndefu kutazama upande wa kushoto, mahali ambapo mjumbe husimama siku zote. Palikuwa patupu. Akaweka kifurushi chini, akatembea polepole mpaka pale, akasimama wima, akatoa kifua mbele, akainua mkono.

Watu wakapiga makofi. Mazoea ni kitu kikubwa. Akashusha mkono, wakanyamaza. Akainua tena, wakapiga tena. Mbuzi wa mtu alikuwa anapita kando ya jukwaa. Bilulu akamwonyesha yule mbuzi, akainua mkono, na uwanja mzima ukampigia makofi mbuzi. Hapo mzee mmoja aliyekaa kwenye jiwe akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwanza, akishika mbavu, kisha jirani yake, kisha wote. Bilulu aliinua mkono kwa kiti, kwa wingu, kwa chafya yake mwenyewe, na kila mara alipoushusha kwa ukali watu walijaribu kunyamaza na kushindwa. Kulikuwa na akina mama waliolala chini kwa kucheka. Nami nyuma ya pazia nililia kwa kucheka, na ndani ya kicheko hicho nikaanza kuogopa.

Alikuja nyuma akitoka jasho, akanishika mikono yote miwili.

"Maman Régie, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hii njo tunapeleka Kinshasa. Ile ya zamani ilishakufa. Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia tutaona.

Usiku sikulala vizuri, na Jumatatu asubuhi nilikaa kwenye mashine kuchapa conduite ya kupeleka Division. Nilifika kipande cha saba. Nilikuwa na watoto wanne na mume mwalimu. Nilimjua mtu wa ofisi ya jirani aliyeitwa kutoa maelezo kidogo kuhusu wimbo mmoja, akarudi baada ya miezi mingi, akiwa mtu asiyezungumza. Nilichapa: "Tonton Bilulu, Mume wa Kamituga," kile cha zamani, bila mkono, bila mbuzi. Hakuna aliyeniamuru. Citoyen Directeur alisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, akainua macho kidogo, akatia sahihi.

Kwa Bilulu nilisema uongo. "Division imekataa," nilimwambia. "Wanataka ile ya zamani."

Alitazama viatu vyake. "Kama ni Division, basi," alisema. "Wewe ulijaribu. Aksanti, maman."

Kule Kinshasa alicheza alichokicheza siku zote. Mkono uliinuliwa, makofi yakaja, mkono ukashuka. Hatukuanguka. Vichekesho havikufutwa, wakubwa waliridhika, na Citoyen Directeur alinipa mkono mbele ya watu wote. Lakini tulipofika nyumbani Bilulu alikuja ofisini kwangu na sanduku lake la vitambaa.

"Tafuta mwengine," aliniambia. "Ile siku ya Cimpunda nilisikia batu. Sasa nikisikia makofi ya camion, masikio inakataa."

Nilimsihi, hakukubali. Alirudi Luvungi kulima mpunga. Nilimtafutia mrithi, kijana mwenye sauti nzuri, asiyechekesha, na mjumbe aliinua mkono kwa ajili yake pia.

Niliendelea. Nikawa chef de bureau, mkuu wa ofisi, nikapanga maonyesho Uvira, Goma, Kindu. Nikafundisha wasichana wengi kusoma conduite na kutoa ishara bila kupiga kelele. Nilikuwa mzuri katika kazi yangu, nalisema bila haya. Kisha vyama vikawa vingi, camion zikaacha kuja, ukumbi ukabaki na popo, na siku moja nikapewa karatasi yangu ya pension.

Katika kustaafu kwangu nimegundua kwamba kumbukumbu haina conduite. Inaingiza watu kwa upande inaotaka. Kwenye arusi moja pale Nyalukemba niliketi meza moja na Citoyen Directeur wa zamani, sasa mzee kama mimi, bila abacost. Tuliongea habari za magonjwa na wajukuu. Kisha akaniuliza:

"Maman, ile kichekesho ya mikono, ile ya Cimpunda. Kwa nini haukuniletea? Batu ba Kadutu balinielezea, nilicheka peke yangu kwa ofisi. Nikatafuta kwa liste yako, haiko."

Niliweka kijiko chini. "Ungeikubali?"

Hakuwa mtu wa kujipamba.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui. Lakini haukuniuliza."

Wiki ile ile nilipanda gari, nikateremka mlima wa Ngomo mpaka Luvungi. Bilulu nilimkuta mbele ya nyumba yake akipepeta mpunga, mzee, shingo ile ile. Alifurahi sana kuniona. Akanipa kiti, akaweka chai motoni. Nilimwambia yote kabla chai haijachemka: kwamba Division haikukataa chochote, kwamba ni mimi, kwa vidole vyangu, kwa hofu yangu, na kwamba nilimwacha aondoke akidhani nilimpigania. Niliomba msamaha.

Hakukasirika. Aliendelea kuchagua mawe madogo ndani ya ungo, moja moja, akiyatupa pembeni. Kisha akauliza bila kuniangalia:

"Na ile siku ya Cimpunda, maman? Batu balicheka kweli? Ao ile nayo ulipanga?"

Nilimwambia walicheka kweli. Nilimwambia sikumpanga mtu hata mmoja, wala yule mzee wa kwenye jiwe, wala akina mama waliolala chini. Nilimwapia kwa watoto wangu. Nilirudia mara tatu.

"Ni sawa, Maman Régie," alisema kwa upole, akanimiminia chai, na niliona kwamba hakuniamini.