Mnara Nilioupanda kwa Mdomo

Niliporudi Mombasa kutoka Ayalandi, nilikopelekwa miezi sita kusomea ukarani wa bandari, majirani zetu wa Mji wa Kale walinigeuza msafiri mkubwa. Ukweli ni kwamba Jumapili moja tulipelekwa mashambani kuona ziwa lenye kisiwa na magofu ya watawa wa kale. Siku hiyo mvua ilinyesha, na baridi ikaniingia mifupani. Wenzangu walipanda mashua kwenda kisiwani. Mimi nilinunua kadi yenye picha ya magofu yale, nikarudi ndani ya basi na kujifunika koti.

Baadaye shule moja ya Ganjoni ilinialika kuzungumza na wanafunzi. Mama yangu alikuja na buibui jipya, akakaa mbele kabisa. Nilieleza vilima vya kijani na kuta zilizoota majani, kama nilivyoviona kwenye kadi. Makofi yakanilevya, nikaongeza na mnara uliokuwa pichani.

"Niliupanda ngazi kwa ngazi mpaka juu, nikaliona ziwa zima!"

Sista mmoja wa Kizungu, mwalimu wa pale, akainua mkono.

"Bwana, mimi nimezaliwa kando ya ziwa hilo," alisema kwa Kiswahili safi. "Ngazi ulizikuta wapi? Mnara ule ni mtupu ndani tangu zamani za babu yangu."

"Labda ni mnara mwingine, Sista."

"Kisiwa kile kina mmoja tu."

Mama akaniinulia macho.

"Mwanangu, hata hicho kisiwa ulifika?"

Nikatikisa kichwa kwamba sikufika, mbele ya shule nzima.