Mapigo Yangu Manane

Wasomaji wangu, Jumatano iliyopita nilikuwa hotelini Karavia, nimekaa mbele ya samaki wa kuchoma na kinywaji baridi, simu ilipolia. Alikuwa mke wa rafiki yangu wa zamani, yule aliyebeba ngoma kubwa katika bendi ya parokia yetu kule Hewa Bora. Akaniambia kwa sauti kavu kwamba mumewe amefariki asubuhi. Miaka miwili ya kulala kitandani bila miguu ilimtoboa vidonda mgongoni na nyongani mpaka mfupa ukaonekana, sumu ikaingia kwenye damu na kumaliza kazi. Nilikata simu, nikamtazama yule samaki, nikaona aibu ya kuwa mzima. Mimi ni mmoja wa watu waliomvunja mgongo. Miaka yote hii nimewasema wengine katika safu hii, na leo nitajisema mwenyewe.

Bendi kama yetu tunaiita fanfare: tarumbeta mbele, ngoma nyuma, na wote wanapiga huku wanatembea. Barabarani watu huona sare nyeupe na vifungo vinavyong'aa. Hawaoni mapaja meusi kwa kugongwa na ukingo wa ngoma hatua baada ya hatua, wala vidole vilivyochubuka hadi vijiti vikateleza kwa damu, wala masikio yanayolia siku mbili baada ya gwaride. Aliyeumia kuliko sisi sote ni mbebaji wa ngoma kubwa, kwa sababu ilining'inia shingoni mwake kwa mkanda mmoja tu, mpira mgumu uliokatwa kutoka ile mikanda ya mgodini inayosafirisha mawe. Kuna wakati tuliletewa mikanda mizuri ya kuvaa mabegani, inayogawa uzito. Mkuu wa fanfare aliitazama akacheka. Akasema hivyo ndivyo mama anavyombeba mtoto, na sisi wajinga tukacheka naye, tukaitupa stoo. Halafu kulikuwa na sheria yetu: ngoma ikishatoka uwanja wa parokia haigusi ardhi mpaka irudi. Ukiiweka chini, ngoma unakuwa wewe. Unavua shati, unapiga magoti, na kila mpigaji anakuja na vijiti vyake kukupiga mapigo manane mgongoni, mkuu akihesabu.

Rafiki yangu alikuwa fahari ya sheria hiyo. Siku moja, katika barabara ya Ruashi, tulikutana uso kwa uso na fanfare nyingine na hakuna aliyetaka kupisha. Zikaanza ngumi, kisha vijiti, kisha mawe. Mtu mmoja alimpiga kwa tarumbeta begani, mfupa ukalia nikausikia, naye akaendelea kusimama, ngoma tumboni kama ngao, akiwarudisha nyuma kwa rungu lake la kupigia huku damu inamtoka puani. Mimi, mdogo na mwembamba kuliko wote, nilijificha nyuma yake. Alirudi Hewa Bora na bega limevunjika na ngoma haijagusa vumbi. Tulimbeba juujuu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama bega linauma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, jua lile la kabla ya mvua likituchoma utosini, tulipiga tangu misa ilipokwisha bila kupumzika. Kazi yangu, mbali na kupiga, ilikuwa kutunza mikanda. Wiki moja kabla nilikuwa nimeuona mkanda wake umepasuka karibu na pete. Nilijiambia nitaubadilisha, nikaenda kutazama mpira. Tulipokaribia uwanja, nikiwa hatua moja nyuma yake, wa mwisho kabisa, niliuona ukikatika. Ngoma ikaanguka, naye akaangukia magoti akijaribu kuidaka. Nilikuwa wa kwanza kufika. Nikauchomoa ule mkanda, nikauficha ndani ya shati langu, nikafunga wa akiba haraka. Wengine walipogeuka waliona ngoma kwenye vumbi na mtu amepiga magoti pembeni yake.

Mkuu alikuja taratibu. Akauliza, "Mukanda ilikatika?" Mkanda ukikatika, anayepigwa ni mtunzaji wa mikanda, na kwa uzembe wake mapigo ni mara mbili. Rafiki yangu alinitazama. Alikuwa ameniona nikiuficha. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua, lakini hakuna kilichotoka.

"Hapana," alisema. "Nilichoka tu."

Tulikuwa wapigaji kumi na mmoja ukimtoa yeye. Alivua shati, akaikumbatia ngoma, na mkuu akaanza kuhesabu. Walipiga kwa mwendo, kama wimbo, kwa maana hatukujua kupiga namna nyingine. Mtu wa nne alipomaliza ngozi ilikuwa imepasuka. Mtu wa saba vijiti vyake vilirusha damu hadi kwenye sare zetu nyeupe. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipiga la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilishuka chini kwenye uti wa mgongo, na kitu kikalia ndani yake kama muwa unapovunjwa gotini. Hakupiga kelele. Mkuu akasema "tano," nami nikapiga la tano. Nilimaliza yote manane. Ule mkanda uliokatika ulikuwa tumboni mwangu muda wote, una joto la mwili wangu.

Aliendelea kubeba ngoma miaka mingine mingi, kwanza ameinama kidogo, kisha ameinama sana, kisha anaburuta mguu, mpaka miguu yote ikafa. Daktari alimwambia mkewe kwamba pingili zilikuwa zimesagika kwa uzito wa shingoni, na kwamba kuna jeraha la zamani lililomalizia. Ninaujua mji huu. Babu zetu walivunjika kwenye reli, baba zetu wakavunjika mgodini, na siku ya mazishi tuliwasifu kwamba hawakulalamika. Tumewasifu wanaokufa kimya mpaka mtu akisema anaumia tunamwona msaliti. Ndiyo maana tunawavunja watu wetu wenyewe kanisani, Jumapili, kwa mikono yetu, bila mshahara wala bosi wa kumlaumu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Chumba kilinuka. Nilipiga magoti nikamuuliza, nikimwita kaka mkubwa kama zamani, "Yaya, juu ya nini ulinyamaza?"

"Weye ulikuwa mukondefu, mudogo wangu," alisema. "Bangekuua." Halafu akaniagiza jambo moja. "Siku ya kilio yangu batakuja na fanfare. Baambie ile ngoma baitie chini. Miye nilishachoka kuibeba."

Juzi tulimzika. Fanfare ilikuja, sare nyeupe, mkuu yuleyule, sasa mvi kichwa kizima. Ngoma kubwa ilikuwa shingoni mwa mwanamume mwenye familia, kwenye mkanda mmoja wa mpira, shingo imechubuka. Nilimfikishia mkuu wosia wa marehemu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hii ngoma haigusake udongo." Hapo, mbele ya jeneza na watu wote, nikasema habari ya mkanda, yote, tangu nilipoona umepasuka. Sauti iliyokataa kutoka miaka ile ikatoka. Mjane alifunika uso. Kisha nikamvua yule mwanamume ngoma, nikaiweka kwenye udongo mwekundu kando ya kaburi, nikavua shati, nikapiga magoti. Yangu yalikuwa kumi na sita kwa kila mtu.

Mkuu akasema, "Moja." Nilikaza mgongo. Akarudia, kwa nguvu zaidi, na tena mara ya tatu. Nilisikia watu wanapumua. Hakuna kijiti kilichoshuka. Nilipogeuka, walikuwa wamesimama na mikono imelegea, vijiti vinatazama chini, na mzee yule akawa mtu anayehesabu peke yake makaburini.

Niliondoka pale na mgongo mzima, na hilo ndilo linaloniuma. Nimeiogopa sheria ile nusu ya maisha yangu, kumbe haikuwa na mikono mingine isipokuwa ya kwetu. Niliwahesabu wapigaji waliokataa. Ni kumi na mmoja. Siku ile pia tulikuwa kumi na mmoja.